Niko Hamburg siku ya kumi, nalia chooni na nyumbani wanasubiri hela

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, kwetu Morogoro. Nimekuja Hamburg, Ujerumani, mwanzoni mwa Septemba kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee. Leo siku ya kumi. Naishi na wasichana wawili Wajerumani. Wakirudi wanafunga milango yao, basi. Juzi nilipika wali wa kututosha wote, wakanishukuru, hawakula. Kazini kuna bibi ananishika mkono kila asubuhi na kuniuliza jina upya. Namkumbuka bibi yangu, naenda chooni kulia. Ijumaa wafanyakazi waliniacha peke yangu na wazee jioni nzima. Nyumbani natuma picha nikicheka. Sasa kundi la harusi ya binamu limeniandika laki tano bila kuniuliza, na baba mdogo, aliyenilipia kozi ya Kijerumani, anataka nimsaidie ada ya mtoto. Nina posho tu. Nirudi?

Marahaba mwanangu. Usirudi, si kwa haya uliyoniandikia. Lakini nianze na lile uliloliweka mwishoni, maana naona ndilo linalokukaba zaidi.

Watu wako hawajui umeenda kufanya nini. Wanajua uko Ulaya, wanajua unaamka kwenda kazini, na picha zako zinawaambia mambo ni mazuri. Kwa nini wasikuandike laki tano? Machoni pao wewe ni mtu wa mshahara wa euro. Wakati anayejitolea Ujerumani hana mshahara. Ana pesa ya kujikimu ambayo sheria imeiwekea kikomo, ana bima, na mara nyingi chumba au chakula. Pesa hiyo ni ya nauli, sabuni na koti lako. Ukiimalizia kwenye harusi, Novemba itakukuta umevaa viatu vya wazi.

Mpigie mama wiki hii, simu ya sauti, si ya video, ili usijilazimishe kutabasamu. Kwa sasa mmepishana saa moja tu. Mwisho wa Oktoba saa zikirudishwa nyuma huko, zitakuwa mbili. Mtajie kiasi unachopata, mtajie na bei ya vitu. Mama akishaelewa atakusemea kwenye ukoo, na kikao cha harusi kitamsikiliza yeye kuliko wewe.

Halafu baba mdogo. Huyo alikutolea, kwa hiyo usimkwepe wala usimjibu kundini. Mpigie umwambie: "Baba mdogo, shikamoo. Sijasahau ulivyonilipia kozi. Huku nimekuja kujitolea, sina mshahara, napewa ya kujikimu tu. Ada ya mwaka huu sitaiweza. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujapanga." Anaweza kununa. Anune sasa, mwanangu, kuliko aje agundue mwakani kwamba ulikuwa unampa ahadi huku huna kitu. Harusini toa unachoweza bila kukopa, hata elfu ishirini, na usijieleze kwenye kundi.

Unalia chooni kwa sababu hakuna hata mmoja wa nyumbani anayejua kwamba unalia. Mama akijua, utakuwa na wa kulia naye.

Hilo la Ijumaa limenikera sana. Wewe si muuguzi. Anayejitolea yupo kusaidia, na huko hata sheria haitaki awekwe kuziba nafasi ya mfanyakazi. Mzee mmoja angeanguka, ungefanya nini na Kijerumani chako hicho cha kozi? Andika kwenye daftari tarehe, saa uliyoachwa na saa aliyorudi mtu. Kesho muombe msimamizi wako mkae, umsomee. Ikijirudia, iambie taasisi iliyokupeleka. Usiogope kuonekana mkorofi, unawalinda wale wazee pia. Na namba ya dharura, 112, iwe kichwani. Halafu, kwa kuwa hujafika miaka 27, kama umeingia kwa ule mpango wa kujitolea wa serikali yao, mwaka mzima una siku 25 za semina. Usikose hata moja. Huko utakutana na wenzako waliotoka mbali kama wewe, na wengi watakuwa na machozi yaleyale.

Bibi wa asubuhi, endelea kumpa mkono wako. Mtajie jina lako polepole kila akiuliza, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Jina halikai tena kichwani mwake, lakini ule mkono anautafuta kila siku, na amekuchagua wewe. Siku ukiweza, muonyeshe picha ya bibi yako.

Wenzako wa nyumba usiwahukumu kwa sahani ya wali. Wengi huko hawali chakula ambacho hawakualikwa, wanaona ni chako, na jioni yao walishaipanga. Wape siku na saa. Bandika karatasi kwenye friji: Jumamosi saa moja jioni napika pilau, karibuni. Uliza kwanza kama wanakula nyama.

Jumapili maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi, ila usijifungie chumbani. Nenda kwenye gati la Landungsbrücken upande pantoni namba 62 kwa tiketi ileile ya basi, ikupeleke kwenye mto Elbe, katikati ya meli za makontena, mpaka Finkenwerder na kurudi. Haina tofauti kubwa na kuvuka Kigamboni, isipokuwa upepo, kwa hiyo vaa skafu. Ukitamani ugali, zunguka St. Georg, nyuma ya stesheni kuu, uulizie duka la Waafrika.

Kama hujajiandikisha anwani yako serikalini, una siku nne tu. Muda wa kisheria ni wiki mbili tangu kuhamia, na benki huenda ikakudai karatasi ya kuthibitisha umejiandikisha. Muombe msimamizi akusaidie kupata miadi.

Ukishaongea na mama, niandikie alivyosema.

Shangazi