Tumwiteje asiyejiita mwanamume wala mwanamke?

Barua za wiki hii zimegusa jambo moja: watu wasiojitambua kuwa wanaume wala wanawake, na maneno ya kuwaelezea kwa Kiswahili. Nimechagua tano.

Ninatafsiri kijitabu cha afya. Je, "nonbainari" ina neno moja la Kiswahili? (Mfasiri, Kikuyu, Dodoma)

Neno moja lililokubaliwa na wote halipo, nami sikushauri ulibuni usiku mmoja ili kijitabu kiwahi kwa mpiga chapa. Mara ya kwanza andika maelezo kamili, "mtu asiyejitambua kuwa mwanamume wala mwanamke", ambayo ni marefu lakini msomaji wa Mpwapwa atayaelewa bila kuuliza. Baada ya hapo unaweza kutumia neno la kuazima lenyewe. Epuka "mwenye jinsia mbili", kwa sababu wengi wa watu hawa hawadai kuwa nazo mbili: wapo wanaosema hawana hata moja, na wapo ambao hali yao hubadilika. Tena uchunge ngeli. Nimeona rasimu yenye "nonbainari hizi", kana kwamba ni betri; hao ni watu, basi ni "nonbainari hawa".

Kwani si ndio huntha? (Msomaji, Kondoa)

Hapana. Huntha, neno tulilolipata kwa Waarabu, humtaja mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoainishika moja kwa moja kuwa ya kike au ya kiume, na ndio hao ambao sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu 1,524. Hiyo ni habari ya mwili. Huntha anaweza kujitambua kuwa mwanamke bila shaka yoyote, na asiyejitambua kuwa mwanamke wala mwanamume huenda maumbile yake ni ya kawaida kabisa. "Shoga", ulilolitaja mwishoni mwa barua, halihusiki: siku hizi linasema mtu anampenda nani, na mara nyingi husemwa kwa kutukana.

Rafiki yangu aliyeko Uingereza huandikwa "they" kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili niseme "wao wamefika"? (Msomaji, Singida)

Sema "amefika". Ukisema "wamefika", wenyeji wataandaa viti vitatu. Viwakilishi vya Kiingereza vya mtu mmoja, "he" na "she", huchagua kati ya mwanamume na mwanamke, ndiyo maana kamusi ya Merriam-Webster iliongeza maana hiyo ya "they" kwa mtu mmoja mwaka 2019, na Waswidi, wenye tatizo hilohilo, waliingiza "hen", kiwakilishi kisichotaja jinsia, katika kamusi ya akademia yao mwaka 2015. Kiswahili, kama Kigogo na lugha nyingine za Kibantu, hakina tatizo hilo katika viwakilishi.

Mwanangu aliyeko chuoni ameniomba nisimwite "binti yangu". Sielewi vizuri, ila sitaki kumpoteza. Nimwiteje? (Mama, Ipagala)

Shikamoo, mama. Jibu umeshaliandika mwenyewe: "mwanangu". Neno hilo halisemi wa kike wala wa kiume, na linabeba upendo wote ambao "binti" lilibeba. Kama ndiye wa kwanza, ni kifungua mimba wako. Kama ndiye wa mwisho, ni kitinda mimba. Wadogo zake waliozoea "dada" waseme "mkubwa wangu", na wajukuu bado ni wajukuu. Mbele ya wageni, "ndugu" linatosha; nchi hii ilisimama majukwaani kwa neno hilo miaka mingi, na hapa mjini kwetu "mheshimiwa" wa Bungeni naye hatajwi kwa jinsia. Jihadhari na "kijana", kwani ingawa kamusini ni la wote, mitaani watu husikia mvulana.

Penye ugumu wa kweli ni "shangazi" na "mjomba". Hapo lugha yetu imeshika pande mbili tu, na sioni njia ila kumuuliza mwenyewe. Wengine huchagua kuitwa kwa jina. Muulize pia ni nani mwingine anayejua, kwa maana neno jipya likitamkwa mbele ya ukoo mzima msibani linaweza kumfichua kabla hajawa tayari.

Katika hojaji yangu niandike "jinsi" au "jinsia"? Na je, niweke kisanduku cha tatu? (Mwanafunzi, Ng'hong'onha)

"Jinsi" ni maumbile, me au ke. "Jinsia" ni namna jamii inavyomchukulia mtu na mtu anavyojitambua, ingawa kwenye mazungumzo tunayachanganya. Kama utafiti wako unahusu bei ya zabibu, huenda swali lenyewe halihitajiki. Kama unalihitaji, badala ya kisanduku chenye "nyinginezo", neno linalomfanya mtu kuwa masalio, acha mstari mtupu na uandike "jieleze kwa maneno yako, ukipenda". Usikusanye majina kwenye karatasi hiyohiyo: jibu la mstari huo likiangukia mkono usiofaa, mhojiwa wako anaweza kupoteza chumba alichopanga.