Jibu: Sanamu ya Freddie Mercury kule Montreux

Mkuu, uliuliza kama kuna kiingilio kuiona sanamu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Uingereza ya Queen, kule Montreux, Uswisi. Hakuna, imesimama wazi ufukweni mwa Ziwa Geneva tangu 1996, usiku na mchana. Ukishuka stesheni ya Montreux teremka kwa miguu hadi ziwani, ni karibu tu. Ni ya shaba, urefu kama mita 3, ngumi juu, uso kaelekeza majini. Nenda asubuhi mapema, maana baadaye kila mtu anataka kupiga picha naye mkono juu (na mimi nilipiga, usinicheke). Kisha pita kasino, ilikokuwa studio ambayo Queen waliinunua 1979. Ulizia kwanza kama maonyesho ya Queen yaliyomo humo yamefunguliwa. Ukiweza, nenda karibu na Septemba 5, siku Freddie aliyozaliwa Unguja.