Poromoko la msituni kwa siku moja kutoka Mwanza: nilivyofanya mimi

Ndugu, umeuliza kama lipo poromoko la maji ndani ya msitu ambalo mkazi wa Mwanza anaweza kulitembelea na familia yake kwa siku moja, wakala huko chakula cha mchana na kurudi, na umeeleza kuwa utakuwa na watoto wawili pamoja na mama mkwe wako ambaye magoti yanamsumbua. Nimefanya safari ya namna hiyo mara mbili. Ya kwanza iliharibika na ya pili ilifana, na karibu kila ninachokushauri hapa nilikipata katika ile iliyoharibika.

Kwanza, usilitafute karibu na jiji. Miamba yetu ya Mwanza ni granaiti, vilima vya mawe yaliyopandana juu ya udongo mwembamba, na vijito vyake vingi hukauka kiangazi kinapokaza. Poromoko linahitaji ukingo wa mwamba na kijito kisichokatika, na vitu hivyo viwili vinapatikana ng'ambo ya pili, upande wa Bukoba, ambako matuta marefu ya mawe ya mchanga yamejipanga sambamba na ziwa, na mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, ambayo ni karibu mara mbili ya ile tunayoipata sisi. Katikati ya matuta hayo kuna mabonde yenye vipande vya msitu vilivyosalia, na humo ndimo maji yanamoanguka. Tulikokwenda sisi ni poromoko dogo, urefu wake kama mnazi mmoja, ambalo wenyeji hulitumia kuchota maji na ambalo halina geti wala kibao.

Kuhusu usafiri, siku moja inawezekana ikiwa utakubali kulala majini usiku wa kwenda na usiku wa kurudi. Tulipanda MV Victoria, ambayo ilirejea kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, tukaondoka Mwanza usiku, tukapitia Kemondo na kuteremka Bukoba asubuhi, kisha usiku wa siku hiyohiyo tukapanda tena kurejea. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uiulizie bandarini kabla hujawatangazia watoto. Barabara nayo imekuwa nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lakini kwenda na kurudi kwa gari ndani ya siku moja ni kumtesa mama bure.

Sasa nije kwenye kosa letu la kwanza. Tulikwenda mwezi wa Aprili, na kwa kuwa tuliteremka melini mapema, tuliona busara kwenda moja kwa moja msituni tukiwa na hotipoti mbili za pilau. Hatukujua kwamba mvua ya upande ule ina saa zake. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, mawingu hukusanyika juu ya maji, kisha husukumwa magharibi na kuimwaga mvua pwani ya Bukoba alfajiri na asubuhi. Mtu wa Mwanza au Musoma aliyezoea mvua ya alasiri anadanganyika kwa urahisi. Saa tatu tulikuwa tunateremka bondeni katika utelezi, huku binamu zangu wawili wamebeba hotipoti kama watu waliobeba jeneza, na mmoja alipokanyaga jani la mgomba pilau yote ikaenda na maji. Tulipofika chini tulikuta kijito kimekuwa chekundu na kinapanda tukikiangalia. Kijana aliyetuongoza alituamuru turudi juu mara moja, na nilimshukuru baadaye, kwa sababu mwamba tuliokusudia kukalia ulizama nusu saa haikupita.

Mara ya pili tulikwenda mwezi wa Julai, ambao ni mkavu zaidi. Tulikunywa chai mjini bila haraka na tukaanza kuteremka saa tano, jua likiwa limekausha njia. Njia yenyewe hupita ndani ya vibanja vya watu, kati ya migomba na mibuni, kwa hiyo tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukajieleza, naye akatupa kijana wa kutuongoza tuliyemlipa tulivyokubaliana. Mzee mwenye kibanja cha mwisho alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, na shangazi yangu, ambaye magoti yake hayana tofauti na ya mama mkwe wako, alibaki hapo barazani akizungumza na wenyeji wake. Sauti ya maji ilimfikia, na alirudi Mwanza akiwa na furaha kutuzidi. Nakushauri ufanye hivyohivyo, maana kwenye mteremko ule mtu hushikwa mkono, na wewe huwezi kumshika mkono mama mkwe. Kazi hiyo ingemwangukia mkeo, na watoto wangebaki bila mwangalizi.

Chakula kiwe chepesi na kikavu. Chapati, mayai ya kuchemsha, sato wa kukaanga aliyefungwa vizuri na ndizi mbivu zinazonunuliwa njiani vilitutosha watu wanane, na kila mtu alibeba fungu lake mgongoni ili mikono ibaki huru. Kabla ya kutandika mkeka, kagua ardhi kama kuna siafu, kwa kuwa katika msitu wenye unyevu hupita kwa misururu na watoto huwa wa kwanza kuwakalia. Vaeni raba zenye meno. Kandambili ziacheni kwa mzee barazani.

Kuoga ni suala ambalo sisi watu wa ziwa hatupaswi kulichukulia wepesi. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo watoto wetu tuliwaruhusu kusimama kwenye manyunyu ya poromoko lenyewe, lakini tuliwakataza kabisa kuogelea katika bwawa la pembeni, hata walipolia. Vilevile, mkiona pango lenye popo nyuma ya maji au kando yake, msiingie. Ugonjwa wa Marburg uliotokea mkoani Kagera mwaka 2023 hubebwa na popo wanaokula matunda, na hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Sisi tulianza kupanda saa tisa, tukamchukua shangazi na mkungu wa ndizi aliopewa zawadi, na kufikia magharibi tulikuwa bandarini. Bebeni nguo kavu na masweta, kwa sababu upepo wa ziwani usiku ni mkali. Watoto wetu walilala kabla meli haijang'oa nanga.