Kwa anayehisi sana, nashauri udongo na mikono mitupu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetutaka sisi ambao huchoshwa upesi na kelele, mwanga mkali na zogo la watu tueleze ni kazi gani ya mikono inayotutuliza, na kwa sababu gani. Jibu langu ni ufinyanzi, lakini si ufinyanzi wa kila namna. Nazungumzia ule wa kujenga chombo kwa mikono, bila gurudumu la umeme, ambao akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wameudumisha kwa vizazi vingi, na ambao vyungu vyake huuzwa katika soko la Lyulilo pale Matema.

Wepesi wa kuhisi si ugonjwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, ambaye tangu miaka ya 1990 ameandika sana juu ya watu wa tabia hii, alikadiria kwamba wao ni kati ya asilimia 15 na 20 ya binadamu, akaieleza kuwa ni tabia ya kuzaliwa nayo: akili hupokea mambo mengi, huyachambua kwa kina, na kwa hiyo hulemewa mapema. Mtoto wa namna hii huambiwa kwamba anadeka, kwamba ajikaze, naye hukua akiamini kuwa kuhisi kwake ni mzigo wa kuficha. Udongo umenifanyia jambo ambalo sikulipata katika ushonaji wala katika bustani, ingawa zote mbili nazipenda: katika udongo, kuhisi sana ndio ujuzi wenyewe.

Chungu cha mkono huinuliwa kwa kamba nene za udongo zinazozungushwa moja juu ya nyingine, kisha zikaunganishwa na kulainishwa mpaka alama zake zipotee. Unene wa ukuta wake hauonekani kwa macho. Hupimwa kwa vidole, kimoja ndani na kimoja nje, vikitembea pamoja kutoka kitako hadi mdomo. Sehemu nzito hukauka taratibu kuliko sehemu nyembamba, na tofauti hiyo ndiyo huzaa ufa. Hata ukavu wenyewe hujulikana kwa ngozi: chombo kikiwekwa shavuni kikahisiwa baridi, bado kina maji ndani yake. Mtu ambaye mshono wa shati humsumbua kutwa nzima, hapa hugundua kwamba vidole vyake vinatambua mapema kile ambacho wengine hukitambua baada ya chungu kupasuka.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote huja baadaye, udongo ukiwa umeshikana lakini haujakauka kabisa, pale unaposuguliwa kwa kokoto laini ya mtoni. Mkono huenda na kurudi mahali padogo, sauti yake ni hafifu, na mng'ao hutokea polepole bila kupakwa chochote. Magdalene Odundo, mfinyanzi mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujifunza kufinyanga kwa mikono kutoka kwa wanawake wa Abuja nchini Nigeria, amejenga kazi yake yote juu ya njia hii ya kujenga na kusugua, na vyombo vyake vimefika katika majumba makubwa ya makumbusho. Wakati wa kusugua, pumzi yangu hufuata mkono bila mimi kuiamuru.

Wapo watafiti waliojaribu kulipima jambo hili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Philadelphia waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kubandika karatasi au kufinyanga, na karibu robo tatu yao walipungukiwa na kotisoli, homoni inayoongezeka mtu anapokuwa katika msongo. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuutenga udongo peke yake, kwa hiyo siutumii kama ushahidi wa mwisho; naridhika kwamba unaelekea upande uleule ambao mwili wangu unaujua.

Hata hivyo, sitaki msomaji mwenzangu aingie bila kuonywa. Darasa lenye watu wengi, magurudumu yanayovuma na redio iliyofunguliwa laweza kumchosha kuliko kazi aliyoikimbia, basi atafute mwalimu mmoja na kona tulivu. Asiyependa ubaridi wa udongo mbichi aanze na udongo mgumu kidogo na bakuli la maji ya uvuguvugu. Meza na sakafu zipanguswe kwa kitambaa kibichi, zisifagiwe kavu, kwa maana vumbi la udongo lina silika, madini yaliyomo pia katika mchanga, ambayo hudhuru mapafu. Tena tukumbuke kwamba kwa akina mama wa Ikombe kazi hii ni riziki na ni jasho, si mapumziko. Anayejifunza kwao awalipe kama walimu.

Lililo gumu kwetu ni moto. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke, na chombo ulichokisugua jioni nzima hupasuka vipande. Kwa moyo mwepesi wa kuumia, hasara hiyo si ndogo. Kukausha kivulini kwa siku nyingi na kuupandisha moto polepole hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Mimi huwashauri wanaoanza wasichome kitu kwa muda. Udongo ambao haujafikia joto la nyuzi 600 hivi haujawa kigae. Ukilowekwa hulainika, ukakandwa, ukafinyangwa upya. Mtu anaweza kufanya kazi msimu mzima kwa donge lilelile, bila rafu ya kujaza na bila kulazimika kumwonyesha mtu kazi yake, na achome siku atakapotaka chungu cha kupikia.