Maswali ya Walimu: Kompyuta na Mizani ya Shairi

SWALI: Nafundisha Kiswahili kidato cha pili. Wanafunzi 48, kompyuta 6, simu ni yangu tu. Wanakariri vizuri maana ya vina na mizani, lakini wakitunga, mishororo inapishana urefu. Je, niwawekee fomula ya Excel ya kuhesabu mizani? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Usiwawekee, mwalimu. Mizani ni idadi ya silabi, na fomula rahisi huhesabu irabu. Chukua “Mti umenyeshewa sana”: irabu ni 8, mizani ni 9, kwa sababu m ya mti husimama peke yake, m-ti. Wala huwezi kuiamuru ihesabu kila m iliyotangulia konsonanti, maana mbu ni mizani 2 na mbuzi pia ni 2.

Tumia Excel kama daftari la miraba tu. Kwa ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo 4, tenga visanduku 16 kwa upana na 4 kwenda chini, kisha piga mstari mnene baada ya cha 8 kutenganisha ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili). Kisanduku kimoja, silabi moja. Paka rangi safu ya 8 na ya 16. Humo ndimo vina vinamokaa. Ile mizani ya 9 itavuka mstari mnene na mtunzi ataiona kabla hujasema neno. Akiandika “Mti wanyeshewa sana” anarudi kwenye 8, ila wakati wa kitenzi umebadilika. Mwulize kama bado ndicho alichokusudia.

Zima kwanza ile huduma ya kukamilisha maneno. Usipoizima, mtoto akiandika n chini ya nye, kompyuta humwekea nye nyingine.

Wanafunzi 8 kwa kompyuta moja ni wengi: 4 waandike, 4 wahakiki kwenye daftari la hesabu, kisha wabadilishane. Mwishoni waghani, uwarekodi kwa simu iliyowekwa hali ya ndege. Mshororo wenye kasoro husikika: mghani huharakisha silabi mbili kwa pumzi moja.

SWALI: Wangu wanaleta mashairi ya akili mnemba. Niwaadhibu? – Mwalimu, Mombasa

JIBU: Wape wayasahihishe. Programu hizo zinaweza kupatia vina huku mizani ikiyumba. Kila kikundi kipewe beti 2, kioneshe mshororo ulioharibika, silabi iliyozidi au kupungua, na marekebisho yake. Alama zitoke kwenye marekebisho.