Utamu wa Step Brothers uko wapi?

Unauliza kuna utamu gani kutazama mijitu mizima ikigombana kitoto? Utamu uko kwenye uzito wa sura zao. Katika filamu ya vichekesho ya Step Brothers (2008) ya Adam McKay, ndugu wa kambo Brennan ana miaka 39 na Dale 40, wote bado wanakula kwa wazazi. Tazama pale wanapounda dabodeka: wanapandanisha vitanda viwili ili chumba kipate nafasi, wanajiona mafundi kwelikweli, kisha cha juu kinamporomokea wa chini. Will Ferrell (Brennan) na John C. Reilly (Dale) wanaigiza kama jambo zito la familia. Mwigizaji akijichekea mwenyewe, kichekesho kimekufa. Na baba yake Dale, anayeigizwa na Richard Jenkins, anakasirika kikwelikweli. Naye angechizika, nani angebaki wa kushangaa?