Kuunda upya Morrowind: mshale wa dira ufuteni leo

Umeuliza mtumie injini gani, yaani programu ya kuendeshea gemu, kuunda upya Morrowind, gemu la kompyuta la mwaka 2002, sauti za wahusika mzirekodi vipi, na sheria inasemaje kuhusu kazi ya kujitolea. Kilichonishtua mimi ni sentensi uliyoipitisha haraka katikati, kwamba bila shaka mtaweka mshale wa kumwelekeza mchezaji. Ifute sentensi hiyo kabla hamjachonga hata jiwe moja.

Kundi letu lilianza hivyohivyo. Tulikuwa na mshauri aliyejitambulisha kuwa amewahi kufanya kazi kwenye studio za magemu, na kila tulipohoji jambo alitujibu kwamba mchezaji wa leo hasomi. Alizungumza kwa uhakika wa mganga wa stendi, nasi tukamwamini, pengine kwa sababu maikrofoni yake ilikuwa nzuri kuliko zetu zote.

Gemu hilo la 2002 halikuandaliwa kumwonyesha mchezaji shabaha ya misheni; shajara huandika maneno tu, na wanaokuelekeza ni watu. Hasphat Antabolis, mhusika wa mji wa Balmora, anapokutuma kwenye magofu ya Arkngthand kutafuta kisanduku cha Dwemer, watu wa kale waliotoweka, anakutajia ngome ya Moonmoth na daraja la kale, kisha anakuacha uhangaike, na ukifika unakuta mlango haufunguki mpaka uzungushe mpini ulioko kwenye bomba lililo jirani. Ili tuupate mshale, ilitubidi tupandikize shabaha kwa mkono katika mamia ya misheni, ilhali gemu lenyewe linamruhusu mchezaji kumuua karibu mtu yeyote, au kuiba kitu na kukiuza kabla hata hajatumwa kukitafuta. Mshale wetu ulielekeza kwa maiti, na mara nyingine ulielekeza baharini. Mshauri alisema hizo ni kasoro ndogo.

Laiti hasara ingeishia hapo. Waliojaribu gemu letu walikata milima moja kwa moja kuufuata mshale, wakagundua kwamba Vvardenfell, mahali gemu linapochezwa, ni kisiwa kidogo, kwa maana ukubwa wake wote umejengwa na ukungu, mwendo wa polepole na njia zinazozunguka vilima. Kwa kuwa barabara hazikuwa na kazi tena, wakalalamika kwamba kutembea kunachosha. Mshauri akaagiza tuongeze kasi ya mwendo, kisha tukaongeza usafiri wa papo hapo kwenye ramani, na kwa hatua hiyo moja tukaviua vyombo vya usafiri, huduma ya chama cha wachawi ya kukuhamisha mji hadi mji, na uchawi wa Mark na Recall wa kuweka alama mahali na kurudi hapo, vitu ambavyo mchezaji wa zamani alivipanga kichwani kama mtu anayejua ratiba za mabasi ya mjini kwake. Silt strider wetu wa kijiji cha Seyda Neen, mdudu mkubwa wa kubeba wasafiri, alibaki bila abiria hata mmoja. Magoti yake niliyachonga mimi, na ninayasema haya bila uchungu wowote.

Usiniambie kwamba Oblivion ya 2006, gemu lililofuata katika mfululizo huo, ina mshale na ilipendwa. Gemu lile lilizaliwa nao, na misheni zake ziliandikwa zikiutegemea. Hata lilipotolewa upya mwaka 2025, watengenezaji Bethesda na Virtuos waliiachia injini ya zamani iendelee kuendesha kanuni, wakaikabidhi Unreal Engine 5 kazi ya picha. Ni kweli waligusa mambo machache, kama vile namna mhusika anavyopanda viwango vya uwezo, lakini waliyagusa wakiwa na gemu zima linalotembea chini ya mikono yao. Sisi tulibadilisha kanuni kabla ya kuwa na gemu.

Kwa hiyo kila kanuni ya zamani iacheni ilivyo mpaka muweze kulicheza gemu lote kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama wahusika wote ni maboksi ya kijivu. Kuhusu injini, jaribuni kwanza OpenMW, ambayo husoma faili za gemu halisi ulilonunua, ili mwone kanuni hizo zikifanya kazi mbele ya macho yenu. Kisha mchukueni mtu ambaye hajawahi kuligusa gemu hilo, mpeni misheni ya Arkngthand, mnyimeni intaneti, na mkae nyuma yake bila kusema neno. Akipotea, andikeni upya maelekezo ya Hasphat.